Kumi na Mbili Ikawa Kumi na Tisa

Jumatatu, 24 Machi

Joto. Upepo hakuna, hata wa kutikisa sare za shule nilizotundika mlangoni.

Leo kaja Mwelu, binti wa dada yangu Kaindi, kabeba kaiti, lile tanga la angani linalomvuta mtu juu ya ubao baharini, mgongoni kama mtu anayehama na godoro lake. Shikamoo mjomba. Marahaba. Nikadhani kaja kunijulia hali. Wapi! Ametoka ng'ambo ya barabara, kwa Abdurahman, na Abdurahman kamkataa.

Abdurahman ni fundi cherehani kama mimi, ila yeye ana mashine ya zigizaga, na skuli zote za kaiti za Diani humpelekea kazi. Mimi huletewa suruali zilizopasuka. Sasa ni wiki ya mwisho ya Ramadhani na kanzu za Idd zimemzunguka mpaka haonekani. Kamwambia Mwelu arudi baada ya Idd. Baada ya Idd! Mtihani wake wa ualimu wa kaiti ni Jumamosi hii.

Miaka mitatu binti huyu anabebea wageni kaiti zao, anawashikia, anajifunza kwa macho na kwa kunywa maji ya chumvi. Akifaulu atakuwa mwalimu mwenye cheti. Akishindwa, mtahini anapanda ndege Jumapili adhuhuri na harudi mpaka mwaka kesho.

Alitaka kiraka tu, tundu dogo. Kisha akasema kwa huzuni kwamba hata kikishonwa ni bure. Ni maleleji sasa. Kaskazi imekwisha, kusi haijaanza, upepo ni wa kupuliza chai. Upepo mdogo unataka kaiti kubwa, ya mita za mraba kumi na tisa. Watahiniwa wenzake wawili wamepewa hizo na hoteli zao. Yake ni ya kumi na mbili, kuukuu.

Nikamuuliza kubwa na ndogo zinatofautiana nini. Akafikiri, akasema kitambaa. Nikacheka. Kitambaa!

Una hakika, mjomba? Nikamwambia miaka ishirini na mbili nawaongezea watu nguo. Yupo mwalimu mkuu aliyerudi likizo na kilo tisa zaidi, nikampanulia suti yake ya harusi, na hajui mtu ila mimi na yeye. Sasa na shajara hii.

Akiruka na kaiti yangu Jumamosi, skuli zote zitavuka barabara kuja upande huu. Abdurahman abaki na kanzu zake.

Jumanne, 25 Machi

Nimeifumua yote. Mpango: vipande virefu kati ya kila ubavu na ubavu, saba kushoto, saba kulia. Kama sketi ya marinda.

Kitambaa cha kaiti hakiuzwi Ukunda. Lakini kwa Abdurahman kuna gunia la mabaki. Nikavuka, nikamtakia mfungo mwema, nikasema naona gunia linamzuia kupita, nimtupie. Akanitazama juu ya miwani. Akasema Mola anilipe, kumbe Ramadhani imenilainisha hata mimi nisiyefunga. Wateja wake wakacheka. Nikacheka nao, na gunia begani.

Mabaki yametosha upande wa kushoto tu. Kulia nimetumia miavuli mitano mibovu. Mmoja una picha ya mtu aliyegombea uwakilishi wa wadi akaanguka. Nimemkata shingo, lakini tabasamu limebaki.

Sare kumi na nne zinangoja. Zingoje.

Jumatano, 26 Machi

Balaa.

Tepu yangu imekatika inchi mbili za mwanzo tangu mwaka juzi. Si tatizo, mimi huongeza mbili kichwani. Jana asubuhi, kushoto, niliongeza. Jana mchana, kulia, nilikuwa nimekula muhogo na maharagwe.

Leo nimeitandaza kwenye uwanja wa kanisa. Bawa la kushoto limenenepa. La kulia limekonda. Inchi mbili mara vipande saba. Ukiitazama kwa mbali ni kama mtu aliyeinamia upande wa sikio linalomuuma.

Kufumua tena upande mzima ni siku mbili, na miavuli imekwisha. Kumwambia Mwelu ni neno moja. Nimeketi na neno hilo saa nzima.

Kisha nikakumbuka pazia. Pazia likikaa upande, unautia uzito upindo uliopanda, likatulia. Nimemwendea fundi wa bodaboda, kanipa washa, vile viduara vya chuma vinavyokaa chini ya nati. Thelathini na sita. Nimezishonea ndani ya pindo la kulia. Hazionekani kabisa.

Alhamisi, 27 Machi

Mwelu kaja kuichukua. Ilipokunjuka akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kubwa jamani! Akaizunguka mara mbili, akapapasa pindo, akaniuliza mbona nzito. Nikasema kitu imara hakiwi chepesi. Akaridhika. Ubaya wa binti huyu ni kwamba ananiamini.

Akasema kesho alfajiri ataijaribu. Nikamwambia nguo ya sikukuu haivaliwi kabla ya sikukuu, itachafuka, itapoteza baraka. Akasema sawa mjomba.

Sikufurahi nilivyotazamia kufurahi.

Aliposhika njia akageuka kuniambia kwamba mama yake kashawaambia kanisa zima. Jumapili wamepanga shukrani. Kabla ya mtihani! Huyo ndiye Kaindi. Hushukuru mapema ili Mungu aone aibu.

Abdurahman alikuwa mlangoni kwake anatazama. Nikampungia mkono. Hakupunga. Alikuwa anaitazama kaiti, kichwa kakilaza upande.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeamka nimeamua. Nitatoa washa. Bila uzito, kaiti itavuta kushoto, lakini itaelea. Nadhani. Nimetazama video tatu kwenye simu na kila mzungu anasema lake, isipokuwa jambo moja wanalokubaliana wote: kwenye upepo mdogo, kaiti kubwa ikianguka majini haiinuki tena. Video ya tatu sikuimaliza.

Nikaenda nyumbani kwa Kaindi na mkasi mfukoni. Nikasema nataka kukaza uzi mmoja tu. Kaindi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema kaiti iko chumbani kwake, kafunga kwa kufuli, haigusi mtu mpaka kesho, hata wewe Ndolo uliyeshona, maana nakujua, huachi kitu kikiwa kizima. Nikamwambia dada, sikiliza. Akasema sikiliza wewe. Mtoto wangu hajalala siku nne. Hajawahi kupewa kitu kikubwa na mtu wa ukoo huu. Leo kapewa. Kunywa chai.

Nikafungua kinywa niseme. Kaindi akasogeza sahani ya mahamri. Nikala mahamri.

Nimeomba kusiwe na upepo kabisa kesho. Kisha nikakumbuka: kusipokuwa na upepo hakuna mtihani, na bila mtihani mwaka umepotea. Nikaomba upepo uwepo. Sijui huko juu wamenielewaje.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi usiku, nguo bado imelowa. Naandika hivyo hivyo.

Tangu saa tatu asubuhi bahari ilikuwa kama sinia. Watahiniwa watatu wamekaa chini ya makuti. Mtahini, mama wa kizungu mwenye pua iliyobabuka, anatembea na karatasi zake. Kaindi kaja na mwavuli na kina mama sita wa kanisa. Saa kumi na nusu matlai, upepo wa mashariki, ikaanza kupuliza, ndogo, ya kutosha tu. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupwa. Ni bamvua, na maji ya bamvua yakipwa hutoka kwenye mlango wa mwamba, kwenda bahari kuu, kama waumini baada ya mahubiri marefu.

Wenzake wakatangulia. Kaiti zao za kumi na tisa zikapanda taratibu, nzito nzito, zikawavuta vizuri. Kisha Mwelu.

Ikapanda! Naapa ilipanda. Yule mgombea akatabasamu angani. Kina mama wakapiga vigelegele, mtu karibu yangu akatoa simu anapiga picha, na kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini nilikuwa fundi mkubwa kuliko wote kutoka Likoni hadi Lungalunga.

Kisha ikavuta kushoto. Mwelu akairudisha kulia. Ikavuta kushoto tena. Akawa anakwenda tu, hageuki, hawezi, anaelekea kule mlangoni mwa mwamba. Kaindi akaniuliza mtoto wangu anakwenda wapi. Nikasema anazunguka. Akasema mbona hazunguki. Nikasema duara ni kubwa.

Upepo ukapumzika kidogo. Pindo la kulia likazama kwanza, mimi nikijua kwa nini, mimi peke yangu kati ya watu wote wale. Kaiti ikalala majini. Haikuinuka.

Wakati huo huo Abdurahman akatokea. Alikuja kuleta kaiti aliyokuwa kaishona kwa skuli. Akatazama baharini, akauliza nani kakata ile. Akanitazama uso, akapata jibu. Akatupa mzigo, akakunja kanzu, akakimbia kwa wenye boti, mfungo wa siku nzima kooni. Boti ilikuwa imekaa mchangani, maji yameikimbia. Wanaume wanane wakaisukuma. Mimi wa tisa. Haikusogea haraka.

Kaindi hakulia. Alisimama maji ya magoti, nguo ya kanisani imelowa, anaita jina la mtoto wake bila kupaza sauti.

Kisha tukaona. Mwelu kaiachia ile fimbo ya kuongozea kaiti, kazikunja kamba moja moja bila haraka, kaogelea hadi kwenye mrija wa mbele wa kaiti uliojaa hewa, kaulalia. Kashika ncha mbili za kaiti, kaisimamisha mbele yake kama tanga. Pole pole ikaanza kurudi. Nusu saa. Sijawahi kuona nusu saa ndefu kama ile. Boti ilipofika majini yeye tayari ana miguu mchangani, mbali huko upande wa Galu.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu: mjomba, ulijua?

Abdurahman akachuchumaa, akapapasa pindo, akatoa wembe. Washa zikaanza kuanguka mchangani. Moja. Moja. Moja. Watu wote wanahesabu. Alipofika thelathini akainua kichwa. Ndolo, akasema, hii ni kaiti ama nanga?

Jumapili, 30 Machi

Mtahini katoa uamuzi. Sehemu ya kujiokoa, Mwelu kaipata yote, anasema hajamwona mwanafunzi aliyeifanya kwa kweli namna ile. Sehemu ya kuendesha, bado. Akampa nafasi leo saa tatu, kabla ya ndege. Lakini kwa kaiti ipi? Wenzake wamekwisha kurudisha zao hotelini.

Abdurahman ana kanzu thelathini na moja za watu watakaozivaa kesho au keshokutwa, mwezi ukipenda. Amezisukuma kando. Tangu baada ya sala ya alfajiri kafumua kila nilichoshona, kairudisha kaiti kuwa kumi na mbili. Nilikwenda kusaidia. Nilimshikia kitambaa. Mkasi hakunipa. Wateja wakija kuulizia kanzu aliwaambia: muulizeni huyu.

Ufuoni, mtahini akamwuliza Mwelu uzito wake. Hamsini na moja. Akacheka, akamletea ubao wake mwenyewe, mpana kama mlango wa choo. Akasema mtu mwepesi kama huyu hakuhitaji kaiti kubwa, kumi na mbili yamtosha, anachohitaji ni ubao mkubwa. Hilo lingesemwa Jumatatu!

Matlai ikapuliza. Mwelu akaenda, akageuka, akarudi. Akaenda, akageuka, akarudi. Mara sita. Kaindi alihesabu kwa vidole na midomo.

Kafaulu. Cheti kimetiwa sahihi juu ya jokofu la soda.

Kaindi kamkumbatia mtoto, kamshukuru Abdurahman mpaka mzee wa watu kaona haya. Alipofika kwangu akasema, Ndolo, usinishonee kitu tena, hata sanda. Mwelu kasimama nyuma yake. Kaniambia shikamoo, basi.

Nimetafakari jioni nzima kwa unyenyekevu. Kama kaiti isingeanguka, mtahini asingeona ule uokozi. Ukilitazama vizuri jambo hili, mkono wangu umo.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Abdurahman kafunga duka. Kaleta sahani ya biriani, kaiweka juu ya cherehani yangu, kasema nile, na kwamba kanzu nne hazikuwahi na wenyewe wamevaa za mwaka jana. Biriani nzuri.

Nimemaliza sare mbili.

Jumanne, 1 Aprili

Nimechora kibao kipya: NDOLO. NGUO NA KAITI. HUPUNGUZWA, HUONGEZWA.

Hakikumaliza saa mbili mlangoni. Kaingia bwana mmoja mkubwa, anayeruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti kufurahisha watalii. Anasema ameona picha ya kaiti yangu kwenye simu ya mtu, ile sehemu ya mwanzo, akashangaa sana jinsi ilivyopanda. Shida yake ni kwamba tangu Desemba kaongezeka kilo kumi na nne. Siku hizi anatua kwa kishindo, magoti yanamuuma.

Akaniuliza kama parachuti linaweza kuongezwa.

Nikamtazama vizuri, mbele na nyuma. Nikamwambia avue koti nimpime. Nikamweleza kosa la kazi iliyopita nimeligundua: lilikuwa ni miavuli. Safari hii nitatumia shuka.

Atalichukua Alhamisi. Anaruka Ijumaa.