Mavuno Yaliyogongwa Muhuri

Wizara iliutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna picha itakayotundikwa katika jengo la serikali mjini Maseru kabla ya kuthibitishwa inaonyesha nini. Uenyekiti wa kamati ya kuthibitisha alipewa Ntate, yaani Bwana, Sekhonyana Mokuku, mtu makini, aliyewahi kuongoza Kikosi Kazi cha Kunyoosha Mapazia na kukihitimisha kwa heshima bila pazia hata moja kunyooka.

Kazi ya kwanza ilikuwa michoro ya msanii Puseletso Tlali kuhusu majira ya mwaka. Haikuwa na mti wala mtu. Rangi tu na mikwaruzo. Ule wa theluji ulipita, baada ya mjumbe mmoja kupiga chafya mbele yake. Kasheshe ilianzia kwenye mchoro wa mwisho, wa kahawia, uliopasukapasuka kama kisigino.

"Huu nao ni nini?" Mokuku aliuliza.

"Ukame, Ntate. Shamba la mama yangu kule Mafeteng, mwaka huu."

Mokuku aliurudisha muhuri mezani. Serikali haikuwa imetangaza ukame, kwa hiyo haukuwapo.

"Mama, usitutafutie balaa. Kamati inaona mavuno. Hayo ni mahindi yaliyokomaa."

"Na mipasuko?"

"Matuta."

Puseletso aliutazama ule muhuri. Kule kwao watu walikuwa wakila mara moja kwa siku, na unga wa msaada ulikuwa umefungiwa ghalani mjini ukisubiri tangazo la ukame.

"Haya, Ntate. Andika Mavuno Mema. Na muhuri ugonge vizuri, usije ukafutika."

Siku ya ufunguzi wa maonyesho Waziri aliusifu mchoro ule hadi mate yakamjaa mdomoni. Puseletso akapiga goti.

"Mheshimiwa, shamba lenyewe lipo. Mama anakukaribisha ukavune, redio ikirusha moja kwa moja."

Waziri hakuwahi kuikataa redio. "Twende hata kesho!" Mokuku alikohoa mpaka akaletewa maji.

Kesho yake msafara ulifika Mafeteng. Mabua yalikuwa yamefika magotini, makavu, hayana kitu. Mama yake Puseletso, bibi aliyejifunga blanketi, aliwagawia vikapu.

"Vuneni, wanangu. Msione haya."

Mokuku aliinama, akachuma hewa, akaiweka kikapuni taratibu isije ikapondeka. Wajumbe wakafuata. Mmoja alilalamika kwamba kikapu chake kinamvunja mgongo. Waziri, ambaye hakunywa chai akitegemea mahindi ya kuchoma, alizunguka tuta hadi tuta, vumbi likimjaa viatuni.

"Bibi, mahindi yako wapi?"

"Muulize mwenyekiti, baba. Yeye ndiye aliyeyaona."

"Mheshimiwa," Mokuku alisema, "kwa mujibu wa muhuri..."

"Muhuri nitautafuna?" Waziri alifoka, kipaza sauti kikiwa chini ya kidevu chake. "Hapa hakuna hata punje! Huu ni ukame! Ukame mtupu!"

Kisha mtangazaji akasema kwa furaha, "Wasikilizaji, kama mlivyosikia kwa masikio yenu, Serikali imetangaza rasmi ukame."

Mjini, mlinzi wa ghala aliongeza sauti ya redio, akasimama, akafungua kufuli. Alasiri malori ya unga yalipita kandokando ya shamba, watu wakiyakimbilia kwa vigelegele, na Waziri akafunikwa vumbi jekundu kuanzia kofia hadi soksi.

"Mokuku," alinong'ona, "nimesema nini mimi?"

"Ukweli, Mheshimiwa." Mokuku alimpangusa bega. "Lakini usijali. Tutaunda kamati kuchunguza umekuponyokaje."