Mwamba Ambao Haukuwa Kwenye Ripoti

Jumatatu, 9 Juni
Mtaro umegonga mwamba! Mita arobaini tu kabla ya zahanati yetu hapa Sachangwan. Sururu tatu zimevunjika, mwamba haujapata hata mkwaruzo. Cheptoo, msimamizi wa wachimbaji, ameniambia niwaandikie wafadhili leo leo. Nimemkumbusha kwa upole kwamba katibu wa mradi wa maji ni mimi, Wanyoike, na kwamba habari mbaya hazifai kuanzia wiki. Nimetuma ripoti kwa wafadhili Nakuru na kwenye kundi la wanachama: "Kazi inaendelea vyema. Maji yanakaribia kufika." Uongo? Hata. Yamekaribia. Mita arobaini!

Jumanne, 10 Juni
Mama Wariara, mwenyekiti wa wafadhili, amefurahi mno. Atakuja Alhamisi na wenzake kuyaona maji. Sikutarajia mtu asome ripoti halafu aiamini. Cheptoo amecheka mpaka akakalia toroli. Wivu huo. Sitishiki. Nina siku mbili na akili timamu.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Sista Edinah, muuguzi wa zahanati, naye alisoma ripoti. Akaagiza lori la maji lisije tena wiki hii. Sasa hana hata tone, na kuna mama amejifungua leo asubuhi. Alinifuata hadi kwenye viazi vyangu. "Katibu, maji yako yamefika wapi? Ama huyu mtoto nimuoshe na ripoti?" Niliona aibu. Kiasi.

Nimekusanya mikokoteni mitatu ya punda. Safari tisa mtoni. Mitungi sita kwa Sista. Mingine yote kwenye tangi dogo nililoinua juu ya mawe nyuma ya ua wa michongoma, na bomba kutoka hapo hadi kwenye koki ya mfereji mpya wa zahanati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka kiuno kinalia.

Alhamisi, 12 Juni
Wageni saa nne. Maombi, wimbo, hotuba yangu (ndefu, nzuri). Mama Wariara akafungua mfereji. Maji! Vigelegele! Nilidhani ataufunga. Wapi! Akawaita wenzake wanawe mikono, mmoja mmoja, wote kumi na wanne. Zamu ya Mzee Ndegwa, mmoja wao, povu likiwa limefika viwikoni, maji yakakatika.

Nikasema ni presha. Punda akalia nyuma ya michongoma. Mama Wariara akaenda kuchungulia.

Ndipo Cheptoo, bila kuombwa, akasimama na gambuti zake za matope, akanyoosha kidole. "Mama, mtaro umefika pale. Mwamba ndio ule, mita arobaini. Hatuna mashine ya kuupasua. Tukiipata, ni siku mbili." Basi! Hata salamu hakutoa!

Mama Wariara akanigeukia akauliza kwa nini hawakuambiwa Jumatatu. Nikaanza kumsomea hotuba upya. Mzee Ndegwa, bado na povu lake, akasema ana machimbo ya mawe na mashine hiyo imekaa tu. Itafika leo jioni. Laiti mtu angemwambia mapema.

Jumamosi, 14 Juni
Mwamba umepasuka. Maji yamefika zahanati saa kumi jioni. Sista Edinah alikinga beseni la kwanza, akamwogesha mtoto. Machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi. Kisha wanachama wakapiga kura: kuanzia leo ripoti zote ataandika Cheptoo. Aliyepinga ni mmoja. Mkono wangu ulikuwa juu peke yake kama mlingoti.

Jumapili, 15 Juni
Nimejichunguza kwa kina wakati wa mahubiri. Kosa nimeliona. Tangi lilikuwa dogo.

Baada ya ibada, mwalimu mkuu, Bwana Kipngeno, ambaye hayumo kwenye kundi letu, aliniomba niwajulishe wazazi ujenzi wa jiko jipya la shule umefika wapi. Nimeenda kulitazama. Ni vigingi vinne na kamba. Nimeshawaandikia wazazi: Ijumaa waje na sahani.