Ubavu Haushonwi

Jumatano, 9 Aprili

Kaka amesafiri kikazi. Kaniachia gari lake uani kwangu. Gari la kuogopwa: refu, jeusi, linavuta kwa magurudumu yote manne. Alinipa ufunguo pamoja na onyo. Niliwashe asubuhi, lingurume kidogo, nilizime. Nisilitoe hata nje ya geti. Nikaitikia kwa adabu zote.

Jioni mke wangu kaleta habari kwamba mama yake anakuja Jumamosi. Mwanyumba wangu, mume wa dada yake, keshajitolea kumpokea kituo cha basi kwa kigari chake chenye sauti ya cherehani. Kila mwaka ni yeye. Kila mwaka mama mkwe anamsifu huku akila mezani kwangu. Nikasema mwaka huu atapokewa na mimi, kwa gari la maana. Mke wangu akauliza gari lipi. Nikatazama dirishani. Akasema hapana.

Nikampigia mama mkwe mwenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Mazoezi ni lazima. Kaka angekubali, kama angeulizwa.

Nimeendesha taratibu mpaka mtaani kwa mwanyumba. Alikuwa barazani na chai yake. Nikaona si vibaya ashuhudie gari linavyopanda ukingo wa barabara. Likapanda. Huko juu palikuwa na kipande cha nondo kimechomoza, kikaingia ubavuni mwa tairi la mbele. Mwanyumba akaweka kikombe chini, akaja na jeki. Nikamweleza kuwa nilikuwa napima uimara.

Tairi la akiba liko mlango wa nyuma, limefungwa kwa kufuli. Ufunguo wa kufuli anao kaka. Huyu kaka haamini watu.

Fundi wa matairi kaitwa, katia kidole kwenye mpasuko, kisha kingine, kisha kiganja. Akasema, “Ubavu haushonwi, bosi.”

Gari limelala nje kwa mwanyumba, mguu juu, kama mbwa kwenye nguzo. Mtaa mzima umelipitia.

Ijumaa, 11 Aprili

Tairi la aina ile fundi hana. Akiagiza, litafika Jumapili. Jumapili ya nini? Nikachakura mwenyewe rundo lake la matairi, nikapata moja linaloingia kwenye ringi. Fupi kidogo. Jembamba kidogo. Fundi akauliza gari ni la nani. Nikasema langu. Akasema basi sawa.

Mwanyumba akanivuta pembeni. Kwa sauti ya kunionea huruma, akasema gari la namna ile linataka matairi manne yanayolingana. Lile fupi litazunguka haraka kuliko wenzake, na nikiunganisha magurudumu yote, giaboksi itageuka uwanja wa vita. Nikamjibu kuwa hata watoto wa mama mbalimbali huishi nyumba moja. Wivu huo. Anaona ufalme unamponyoka.

Tairi nimelipaka rangi ya viatu, likawaka. Gari limeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza umbea. Mbali na hapo, huwezi kujua.

Jumamosi, 12 Aprili

Kituo cha basi, mama mkwe kapanda garini kwa msaada wa kigoda na wapagazi. Watu wakatazama. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote za ndoa yangu.

Hapo ningeondoka tu. Lakini lami ilikuwa kavu, watu walikuwa wengi, na ule wenzo wa kuunganisha magurudumu yote una mlio wa heshima. Nikauvuta. Kwenye kona ya kutokea, gari likaanza kurukaruka, likatoa sauti ya mtu anayetafuna mawe, likagoma. Basi likapiga honi nyuma yetu. Kisha mabasi.

Mama mkwe akashika mkoba wake kwa mikono miwili. “Baba,” akasema, “hili gari linakataa kwenda, au linakataa kwenda na wewe?”

Mwanyumba akatokea. Eti alikuwa anapita. Mama mkwe akahamia kwenye cherehani, akanipungia mkono. Mwanyumba akarudi dirishani kunielekeza nirudishe wenzo, niende moja kwa moja, polepole. Nimefika nyumbani nimenyooka kama msumari. Giaboksi bado inatafuna.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka karudi ghafla. Hakupiga kelele. Alizunguka gari, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi, akakinusa.

Aliuliza kama ni rangi ya viatu. Nikasema ni yangu, asijali.

Akafuta kidole kwenye suruali. Kisha akasema, “Ungeniambia tu. Ningebadilisha safari, tukaenda kumpokea mama wote wawili.”

Masikio yaliwaka moto.

Mchana mwanyumba kaja na fundi na tairi jipya, sawasawa na yale matatu. Aliliagiza Ijumaa ileile, kimyakimya. Kaka alimshika mkono, akamwita ndugu yangu. Kisha akaondoka taratibu kwenda kwa fundi wa giaboksi, na ufunguo mfukoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimetafakari usiku kucha. Kosa nimeliona. Gari lilikuwa la kudeka mno.

Jirani wa nyuma ana trekta, na Alhamisi anasafiri. Matairi ya nyuma yananizidi kimo, ya mbele yananifika magotini, na hakuna giaboksi iliyowahi kulalamika. Mwanyumba aje aeleze hilo.

Mama mkwe anaondoka Ijumaa. Nimemuuliza mke wangu kama mama yake anaogopa kukaa juu.