Ombi la Kupewa Giza la Nusu Saa

Mbeya,
9 Julai.

Kwa Baba Mkubwa Zabron,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Chimala.

YAH: MSITUME TAA YA PILI

Shikamoo Baba Mkubwa. Huku hatujambo, ni baridi tu na ukungu. Jua tunalisikia kwenu. Mjukuu wako Mika ametimiza miezi minne. Meno hana, ila sauti anayo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu imo ndani ya hotpoti, kama nitakavyoeleza. Nimesikia Jumapili mnakaa kikao kunichangia taa nyingine. Kwa heshima zote, naomba kikao kisitishe mchango huo.

Naanzia mwanzo. Baada ya kujifungua nilikuwa nalia bila kupigwa wala kufiwa. Nesi wa kliniki akasema nikae kwenye mwanga kila asubuhi. Mwanga wa wapi, na ukungu huu? Ndipo mkanichangia taa kubwa nyeupe, na wifi Veneranda akaileta kutoka Ipogolo pamoja na miwani ya rangi ya chungwa na karatasi ya maelekezo: asubuhi nusu saa mbele ya taa, nimetulia, jioni nikae mbali na mwanga wa bluu wa simu, maana unafukuza usingizi. Mbarikiwe sana. Nilitulia siku mbili. Siku ya tatu watu wakaiona taa kupitia dirishani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama mkwe alileta vifaranga thelathini na wanane ndani ya boksi akawaweka miguuni pangu. Nikamweleza kwa upole kwamba taa hii haina joto, ni mwanga mtupu. Akanijibu, "Wewe mbona imekuchangamsha?" Na vifaranga wamechangamka kweli, mmoja analala ndani ya kandambili yangu.

2. Jirani yetu Mwantumu, muuza mchele, anaingia saa moja kamili na ungo wake. Anasema chini ya taa yangu jiwe halina pa kujificha. Mimi sina neno na Mwantumu. Neno ninalo pale anaponisukumia ungo wa pili na kuniambia, "Mama Mika, si umekaa tu?" Baba Mkubwa, mimi sikai tu. Natibiwa.

3. Mwalimu Filemoni amehamishia sauti ya pili yote ya kwaya sebuleni kwetu, kwa kuwa kanisani asubuhi hawaoni maandishi. Wanawake tisa, wote na mashuka mabegani. Mika analala wakiimba, wakinyamaza anaamka. Kwa hiyo hawaruhusiwi kunyamaza.

4. Kuhusu mwanga wa bluu, mama mkwe ameshika maelekezo kuliko nesi. Ikifika saa moja jioni anakusanya simu zote za nyumba, anazitia kwenye hotpoti na kukaza mfuniko. Ulipopiga Jumapili iliyopita tukasikia inalia kwa mbali kama panya, ujue hatukudharau, ni sheria. Mume wangu Lusekelo peke yake karuhusiwa kutazama mpira, mradi avae miwani yangu. Kwa miwani ile jezi zote zinafanana. Juzi ameshangilia goli tulilofungwa, tena kwa kuruka, na Mika akashangilia naye mpaka saa tano.

5. Watu hawaniulizi tena hali. Wakiingia wanauliza, "Taa imeamkaje?"

Sasa Baba Mkubwa, piga hesabu. Taa moja imeleta watu kumi na mmoja na vifaranga thelathini na wanane. Taa mbili zitaleta mara mbili yake. Tukifika Krismasi mtaa mzima utakuwa sebuleni kwangu, na mimi nitakuwa nje kwenye ukungu, nimembeba Mika, naomba kupishwa.

Kwa hiyo naomba ukoo, badala ya taa, unichangie giza. Sitaki kubwa. Giza la nusu saa kwa siku litanitosha: blanketi zito la dirishani, komeo la mlango, na mtu mmoja asiyejua kuimba wa kumshika Mika. Ikishindikana, mnipeleke mimi na mtoto huko Chimala nikakae kwenye jua la bure, taa ibaki huku na watu wake. Imeshazoeana na mama mkwe kuliko mimi.

Sijakasirika, Baba Mkubwa. Ila sirudi nyuma.

Nisalimie Mama Mkubwa, watoto wote, na wajumbe wa kikao kila mmoja kwa jina lake, hata yule aliyepinga kuchanga.

Ni mimi mkamwana wako, mwenye mwanga wa kupitiliza,
Eveline (Mama Mika)

N.B. Jana nilipomaliza kuandika niliificha taa chini ya kitanda, nikatangaza imeungua. Leo asubuhi hakuja mtu. Mama mkwe kabaki jikoni na vifaranga wake. Giza nikalipata, tena la zaidi ya nusu saa, nikalala chali nikitazama dari. Usingizi haukuja. Mika naye hakulia, alikuwa anatazama mlango tu. Tukautazama wote wawili. Saa tatu nikaona kile kilio cha zamani kinataka kunirudia, nikaivuta taa, nikaiwasha, nikaiweka dirishani. Kabla sijakaa, Mwantumu akawa ameshaingia. Barua hii nampa yeye aje nayo, maana leo anafuata mchele huko Chimala. Namsubiri tu amalize ungo wa mwisho, sauti ya pili imeshaanza, na mimi nimeshatoa mawe saba.

Taa ya pili itumeni. Iwe na shingo ndefu, mwambieni wifi, tupate pa kuweka viti.