Moyo Inaruka, Sukari Inaingia

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa munane

Moyo yangu imeruka! Yarabi! Nilikuwa mbele ya nyumba na wamama wa shirika yetu, napiga stori ya jirani mwenye kurudi kwake na viatu vya mutu mwingine. Nafika pale patamu, moyo ikanyamaza. Halafu: pu! Kama mutu anapiga mulango teke. Nikakata stori katikati. Mi! Tangu nizaliwe sijakata stori katikati. Wamama wote wakajua nakufa.

Na wiki hii sina nafasi ya kufa. Jumamosi anaolewa Lubna, mutoto wa marehemu dada yangu. Mi nimemulea. Mi ndiye natangulia mbele ya wamama kumupeleka kwa bwana yake, kule Kajaga, mi ndiye naanzisha wimbo.

Bwana yangu Yahaya, fundi wa magari, akaweka sikio ku kifua. Akasema moteri inakata kidogo halafu inashika, taksi zote za zamani ziko hivyo na Kajaga zinafika. Nikamwambia mi si taksi. Akasema kweli, taksi ukiizima inanyamaza.

Jumanne, tarehe 5

Kwa dokta Gaspard. Amenifunga waya kifua muzima. Akaangalia karatasi, akasema moyo iko safi. Kuruka vile kunapata watu wengi, hata yeye. Ni chai kali, ni kukosa usingizi, ni woga. Nisishike mushipa wa mukono kila saa kama mutu anatafuta mwizi. Ikiruka, nipumue pole pole, niendelee na kazi yangu. Nikianguka au kifua kikiuma, ndipo nirudi. Dawa? Apana.

Nilipiga vigelegele ndani ya hospitali mpaka muguu mmoja wa kiatu ukatoka.

Ku njia nikaanza kufikiri. Kudra, jirani yangu, aliangushiwa muchi ku kidole cha muguu. Kidole! Shirika yote ikamutembelea, na sukari, na muchele, na Fanta. Mi niko na moyo muzima, nirudi mikono mitupu? Kusema uongo, apana, ni haramu. Nitasema tu dokta amenifunga waya. Nafunga mudomo hapo.

Jumatano, tarehe 6

Godoro nimeitoa, nimeitandika salo, pale wageni wanakaa. Kitenge ku kichwa, soksi za Yahaya ku miguu. Wamekuja! Sukari, nanasi, muchele, Fanta ya citron! Nikasema kwa sauti ndogo: waya... Wakalia. Hata mi nikajihurumia.

Kudra akaleta avoka moja, imeshaoza upande. Akanishika mukono, akauliza kwa nguvu, wote wasikie: masikini dada, na Jumamosi utaweza kweli? Nikasema nitaweza. Wamama wakaangaliana. Sikupenda vile wameangaliana.

Alhamisi, tarehe 7

Balaa! Wamekutana bila mi. Wamekata shauri, kwa huruma, eti mi, Mama Ilyasi, nitakaa ku kiti, miguu juu, nisiimbe. Na nani atatangulia? Kudra! Kudra mwenye sauti ya mulango umekosa mafuta!

Nikawakimbilia. Nikaapa dokta amesema moyo iko safi. Wakasema ona vile anatuficha ili tusilie. Wakaniongezea sukari. Mi nasema nimepona, wao wanaleta kilo!

Moyo ikaruka. Nikashika mushipa. Ikaruka tena. Kupumua nimesahau.

Ijumaa, tarehe 8

Mpango mupya: nguvu. Nikajitwika gunia ya makala ya kupikia, nikapita nayo mbele ya nyumba ya Kudra. Akatoka anapiga kelele eti ugonjwa umepanda ku kichwa. Wamama wakaninyang'anya gunia, wakanibeba mi. Yahaya alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamupigia dokta, nikaweka sauti wote wasikie. Akasema moyo yake iko nzuri, muache acheze. Kudra akatikisa kichwa: madokta, mutu akifika mwisho ndiyo wanasema vile.

Jioni Lubna akakaa ku godoro yangu. Akasema mama mudogo, we usipotangulia, mi sitoki ndani ya nyumba. Nikalia, machozi ya kweli hii mara. Nikamwambia yote, mpaka ya soksi. Alicheka hina ikamuharibika ku kidole.

Jumamosi, tarehe 9

Niko uani, ku kiti ya plastiki, miguu juu ya kreti. Kudra mbele, amevaa dhahabu yote hata ile si dhahabu. Akafungua mudomo. Akaanza juu, juu kabisa, sauti ikakwama huko haijui kushuka. Lubna akasimama ku mulango, hasogei, ananiangalia mi tu.

Moyo yangu ikanyamaza. Pu!

Nikapumua pole pole. Dokta alisema niendelee na kazi yangu. Sasa kazi yangu ni gani? Si hii? Nikatupa miguu chini, nikadaka wimbo pale Kudra aliuangusha. Wamama wakaitika! Lubna akatoka! Nimeimba mpaka Kajaga, nimecheza ku muchanga pembeni ya ziwa, wakwe wakaniuliza mugonjwa tuliambiwa yuko wapi. Moyo kama iliruka, iliruka na ngoma, sikupata nafasi ya kuisalimia. Alhamdulillah!

Jumatatu, tarehe 11

Kudra amekuja kuomba amani. Mi sina roho mbaya. Nikamupa chai kali, nikamufundisha yote ya moyo: weka vidole ku mushipa hivi, nyamaza, ngojea. Akangojea. Ikaruka! Macho yake! Nilifurahi kidogo tu, Mungu anisamehe.

Saa sita godoro ya Kudra iko salo. Wamama wanapita ku mulango wangu na sukari, na nanasi MBILI. Nikawaita, nikasema ile kitu si ugonjwa, kwanza moyo ni yangu, yeye ameniiga! Hakuna aliyegeuka.

Yahaya anasema niende nimwambie Kudra maneno ya dokta yote, mpaka mwisho. Nitamwambia, inshallah. Leo siwezi kutembea. Goti ya kushoto imelia asubuhi: kwaa! Nimeuliza mutaa wote, hakuna mutu ameugua goti mwaka huu.

Godoro nimeishatandika.