Redio ya Igoki na Usingizi wa Mwenda

Jumatatu, 9 Juni 2025. Muthara.

Mwenda hajalala mchana. Siku ya ishirini na mbili tangu tuhamie hapa kutoka Embu, na mchana hajalala hata mara moja. Ana miezi mitano. Ana macho mazuri, Mungu ambariki, lakini si lazima ayaonyeshe kila saa.

Leo mama mkwe ametoa uamuzi akichambua maharagwe. Jumatatu ijayo nikianza kazi ya kushona yunifomu kwa Madam Joyline, yeye atabaki na mtoto kwa moyo wote, bora awe mtoto anayelala. Wa kuzunguka naye boma lote tangu asubuhi, hapana, magoti yamekataa. Kama kufikia Jumapili hali ni hii, ataenda kukaa Kianjai kwa binti yake Gacheri, na mimi nijipange. Kazi yenyewe nimeingoja tangu nimalize kozi ya cherehani. Madam Joyline amesema hangoji mtu mara mbili.

Igoki akapita. Ni mke wa shemeji yangu Bundi, mlango wake unatazama wangu. Mtoto wake alikuwa mgongoni, amelala tangu saa tatu, kichwa kimening'inia kama ndizi. Akaniuliza, kwa huruma nyingi sana, kama watoto wa Embu wote huwa hivi. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua! Nilikuwa nafua nepi ikanijia yenyewe.

Kule Embu chumba chetu kilipakana na duka la michezo ya video. Ukuta wa mbao tu. Kuanzia asubuhi ni mpira wa kwenye skrini, na mashabiki wa bandia wananguruma uwanjani. Mwenda ameusikia huo uwanja miezi tisa akiwa tumboni na mingine minne akiwa nje. Usingizi wake wote alilala humo. Kisha tukamleta hapa penye kuku watatu na upepo. Mtoto si msumbufu. Mtoto amekosa mashabiki.

Mashine ya michezo tunayo. Ni ya Kiambi, mume wangu, ambaye siku hizi anafanya kazi kwa hardware huko Meru mjini na huja Jumamosi. Aliiacha juu ya kabati, imefunikwa shuka, na amri kwamba isiguswe. Nimeigusa.

Nimeiunganisha na ile skrini yake ya kompyuta. Waya mmoja bapa, tundu moja. Picha safi, nyasi kijani, wachezaji wanakimbia. Sauti hakuna. Nimeongeza. Nimeipiga skrini kofi kidogo. Nimezunguka nyuma kutafuta spika. Kumbe skrini ya kompyuta haina mdomo! Ina tundu dogo la earphone, basi. Ndiyo maana Kiambi akicheza nikimwita hasikii. Nimefikiria kumvalisha Mwenda earphone. Nimekataa mwenyewe.

Nimejaribu pia kelele za uwanja kwa simu. Zilitoka kama nzi ndani ya chupa. Mwenda aliitazama simu, akanitazama mimi, akalia.

Jumatano, 11 Juni

Inatakiwa redio ya mezani, yenye spika mbili za kusimama. Katika boma hili iko moja. Ni ya Igoki. Mashine katikati, spika kushoto na kulia, vitambaa vya kufuma juu ya zote tatu. Anaipangusa kuliko anavyompangusa Bundi.

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini ukweli ungekuwa kumwambia Igoki kwamba mtoto amenishinda. Kwa hivyo nimesema nataka kujifunza nyimbo za kwaya ya akina mama, nimezirekodi, ila simu haitoi sauti ya pili vizuri. Uongo laini kabisa, nilikaribia kuuamini. Igoki alifurahi hadi nikaogopa. Ati alikuwa anangoja tu niombe kujiunga. Ati Ijumaa atakuja tufanye mazoezi pamoja, kwa maana yeye ndiye sauti ya pili.

Nimebeba redio kwa safari tatu, spika moja moja. Mama mkwe ameuliza tunahamia wapi tena.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi wa simu pale sokoni alinipatia waya: kichwa kimoja kama cha earphone, mikia miwili, mwekundu na mweupe. Kichwa kinaingia kwa skrini, mikia inaingia nyuma ya redio. Nyuma ya redio kuna matundu mekundu na meupe jozi tatu. Jozi ya kwanza, kimya. Ya pili, mngurumo wa kinu cha posho, na kuku wamehamia kwa Igoki. Ya tatu, sauti!

Lakini sauti gani. Watangazaji wawili wanabishana kwa Kizungu katikati ya nyumba yangu, na mashabiki wako nyuma yao, mbali. Kila mara mtangazaji akipandisha, Mwenda anashtuka na kulia. Kule Embu ukuta ulikuwa unazuia maneno na kupitisha mngurumo.

Nikavuta kichwa cha waya nizime hiyo fujo. Hakikutoka chote, kilikwama nusu. Na hapo, aki, watangazaji wakapotea kama waliotoka kwenda chai. Wakabaki mashabiki peke yao, uwanja mzima, kushoto na kulia. Mwenda akapiga mwayo. Mwayo! Saa nne na dakika ishirini mwanangu akalala. Nimekaa sakafuni nikitazama pua yake ikipanda na kushuka. Sijui kwa nini machozi yalitoka.

Amelala dakika sita. Kipindi cha kwanza kiliisha, uwanja ukanyamaza, macho haya hapa. Kumbe mchezo haujichezi. Lazima mtu ashike pad, ile ya kubonyeza kwa vidole, na kipindi kikiisha aanzishe kingine haraka. Kufikia saa nane nilikuwa nimecheza mechi tisa. Nimefungwa zote. Mwenda amelala kwa vipande.

Jumatatu nani atabonyeza? Sijui. Kwanza mama mkwe aone mtoto amelala. Hayo mengine yatajipanga.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango ulikuwa hivi. Mama mkwe aingie saa tano akute usingizi. Skrini nimeigeuzia ukutani kidogo, pad iko chini ya leso, vidole vinaendelea na kazi. Saa tano kasoro, Mwenda amelala na mimi naongoza bao moja, la kwanza maishani mwangu. Mlango ukafunguka. Si mama mkwe. Igoki, mtoto mgongoni, kitabu cha nyimbo mkononi.

Kwaya nilikuwa nimeisahau kabisa.

Alisimama akisikiliza. Akauliza hii kwaya ni ya wapi. Nikasema ni mkutano wa injili, wa uwanjani. Akasema mbona hawaimbi. Nikasema wanaomba. Kisha akaona kile kichwa cha waya kimening'inia nusu nje. Igoki hawezi kuona kitu kimekaa vibaya karibu na redio yake. Akakisukuma mpaka ndani.

Mtangazaji akapiga kelele ya bao hadi vikombe vikatikisika. Mwenda akaamka. Mtoto wa Igoki, ambaye sijawahi kumwona macho wazi, akaamka. Wakalia pamoja, sauti ya kwanza na ya pili.

Hapo ndipo mama mkwe akaingia.

Sikuwa na uongo mwingine karibu. Nikasema yote huku nikimbembeleza mtoto: ukuta wa Embu, kazi, Jumapili. Igoki akamshusha wake mgongoni.

"Si ungesema tu, Mama Mwenda. Huyu wangu analala mchana kwa sababu usiku halali. Bundi amehamia kochi."

Nimejaribu sana nisifurahi.

Mama mkwe aliichukua pad kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kinyonga, akauliza inabonyezwa wapi.

Jumamosi, 14 Juni

Mama amecheza tangu chai ya saa nne. Anawagombeza wachezaji kwa Kimeru, na wawili anawaita kwa majina ya majirani. Yule beki mrefu, amesema, ni mvivu kama Bundi. Mwenda yuko mapajani mwake. Halali, lakini ametulia, anatafuna waya wa pad na kutazama. Igoki ameshika pad ya pili. Anasema amekuja kulinda redio yake tu. Amefungwa manne bila.

Kiambi alifika saa kumi. Akakuta shuka lake kwa kamba ya nguo, mashine yake mezani, na mama yake akimwambia asogee, anamziba. Akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimepata kazi jikoni ghafla.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya kanisa nilingoja nione begi likitoka. Halikutoka. Nikauliza kwa kuzunguka kama Gacheri hajambo huko Kianjai. Mama akasema Gacheri atangoja, yeye kesho ana mechi na Igoki. Na mimi, mjinga, nikamkumbusha kwamba Mwenda bado halali sawasawa mchana.

Akamchukua, akamweka begani. Mtoto ana jina la marehemu mume wake, kwa hivyo humwita mzee wangu.

"Mzee wangu hata zamani hakuwa wa kulala mchana," akasema, kisha akaniita kwa jina langu. "Si usingizi nilitaka, Rwamba. Nyumba yangu imekaa kimya miaka mitatu, tangu atutoke. Kwa Gacheri nilikuwa nafuata kelele. Kule watoto ni sita."

Nimeyafikiria hayo maneno sana nikiosha vyombo. Maana yake iko wazi: waya ukiingia nusu, ukaacha maneno na kuleta kelele tu, unafanya kazi hata kwa watu wazima.

Na nimeahidi, mbele ya Mungu na sufuria: hila basi, uongo basi. Kesho kazi.

Jumatatu, 16 Juni

Nilifika kwa Madam Joyline saa mbili kasoro robo. Cherehani nzuri, karibu na dirisha. Kufikia saa nne nilikuwa na kola kumi na mbili, na Madam amesema mkono wangu ni mwepesi. Kila kitu kama nilivyoomba.

Saa nne na nusu nikaanza kujiuliza kama Mwenda ananilia. Saa tano nilijua kabisa ananilia. Saa tano na robo nikamwambia Madam Joyline jino linaniuma, la nyuma, upande wa kulia, na nikashika shavu. Alinionea huruma. Akanipa nusu saa nikatafute dawa. Nimekimbia mpaka nyumbani na pini bado zimechomekwa kifuani.

Hakuna aliyenilia. Mwenda alikuwa amelala! Mchana kweupe, mapajani mwa mama, mdomo wazi, uwanja unanguruma pande zote mbili. Mama hakugeuka. Igoki aliweka kidole mdomoni kuniambia ninyamaze, ndani ya nyumba yangu. Nikambusu mtoto mguu mmoja, ule uliokuwa karibu, nikarudi kushona.

Kutoka kwa Madam Joyline hadi hapa ni dakika nane ukikaza mwendo. Kesho ni tumbo, maana jino nimeshalitumia. Jumatano nitaona.