Dinari ya Bibi Mbuke

Kahama, Jumatatu, 3 Februari 2025
Dinari ya Kirumi ipo Bugarama! Fedha halisi, kichwa cha Kaisari Tiberio, umri karibu miaka elfu mbili. Januari, fundi wangu wa redio, kaiona kwa macho yake kwa Bibi Mbuke, mjane wa katekista. Padri mmoja wa kigeni alimwachia marehemu alipokuwa anarudi kwao, ili watoto wa mafundisho waione sarafu ya Kaisari. Mimi nakusanya sarafu tangu nikiwa karani wa posta. Ninazo mia mbili na kumi na nne. Ya Kirumi, hata moja.

Tatizo ni Feisal wa duka la vigae. Naye anakusanya. Ana rupia ya Mjerumani ambayo sina, na kila nikipita ananikaribisha chai na kunionyesha. Eti ni wema. Nimemwapisha Januari asimwambie. Mke wangu Vumilia kauliza kwa nini nisiende tu kumwomba huyo bibi. Hajui biashara. Ukionyesha unakitaka kitu, umekwisha.

Jumatano, 5 Februari
Bugarama. Dereva wa bodaboda aliiona lenzi yangu ya kukagulia sarafu akanipeleka moja kwa moja kwa wanunuzi wa dhahabu. Saa nzima naeleza kwamba sinunui wala siuzi. Walipovitazama viatu vyangu ndipo wakaamini.

Bibi Mbuke nilimpa shikamoo, akaniitikia vizuri. Nikasema nimetumwa kukagua vifaa vya mafundisho ya dini. Akaitoa dinari kwenye kipande cha kanga. Nyeusi, ukingo umelika, nzuri ajabu. Mikono ikanitetemeka. Nikasingizia malaria. Nikanyweshwa kikombe kizima cha mwarobaini.

Nikasema, bila haraka, kwamba kifaa kama hiki hukaa kwa mwalimu wa dini. Akafurahi mno. Tangu mumewe afariki, watoto wa kigango, kanisa dogo la hapo kijijini, hawana mwalimu. Kumbe Mungu kanileta. Nianze Jumamosi.

Sijaingia kanisani tangu nifunge ndoa.

Jumamosi, 8 Februari
Watoto thelathini na saba. Kwenye sala ya Nasadiki nilikwama kwa Pontio Pilato, wakaimalizia wenyewe kwa huruma. Kisha binti mmoja, Salome, akauliza dinari moja ilikuwa mshahara wa muda gani. Hapo nilipata nguvu. Siku moja ya kibarua, nikawaambia, nikaendelea na fedha za Warumi mpaka wadogo wakasinzia. Bibi akasema nimefundisha vizuri. Nikanyoosha mkono. Akaifunga dinari kwenye kanga, akaingia nayo ndani. Tuonane Jumamosi, akasema.

Paroko ameshapata habari. Ameniandika kwenye orodha ya makatekista mpaka Desemba.

Jumatano, 12 Februari
Feisal anajua! Nilimwapisha Januari asiseme. Hakusema. Kamwandikia ujumbe wa simu.

Nikaenda dukani upesi nikamwambia Feisal asijisumbue, nimeikagua, ni bati tupu. Akanishukuru sana kwa kumjali. Akasema hata hivyo angependa kuiona, kisha akaagiza chai. Nilikunywa kwa hasira.

Jumamosi, 15 Februari
Nimefika kwa Bibi Mbuke nikakuta gari la Feisal uani. Mwenyewe yuko mkekani anakula matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, kama mjukuu aliyerudi likizo. Dinari iko mfukoni mwake.

Alikuja jana. Akamwambia bibi kwamba anapenda sarafu za kale tangu utotoni, kwamba ya namna hii hajawahi kuishika, na kwamba akikataa hatamlaumu. Basi. Asubuhi hii kampa. Bei hawakutaja. Sharti ni moja: kila Jumamosi dinari iletwe kigangoni watoto waione. Feisal, Mwislamu safi, kakubali papo hapo.

Nilimuuliza bibi kwa nini yeye na si mimi, niliyekunywa mwarobaini.

“Wewe ulisema unakagua,” akanijibu. “Hukusema unaipenda. Ungesema tu, baba, ningekupa siku ile ile.”

Nikaingia kufundisha. Feisal akaketi nyuma na dinari yangu, anasikiliza kwa adabu. Hata Nasadiki leo nimeimaliza, na sikuona faida yake.

Jumapili, 16 Februari
Nimefikiri kutwa. Feisal ni tapeli mkubwa kuliko nilivyodhani. Kusema ukweli! Mbinu ambayo haikunijia kabisa, na inafanya kazi kwa siku moja tu. Vumilia anasema ndicho alichoniambia tangu mwanzo. Sikumbuki.

Nami nimeamua kuitumia. Kesho asubuhi naenda dukani kwake. Nitamtazama usoni nimwambie ukweli mtupu, bila kuzunguka: kwamba daktari amenipa miezi miwili, na kwamba haja yangu ya mwisho duniani ni kuzikwa na ile dinari. Nimemwomba Vumilia anisindikize akiwa analia. Amekataa. Si kitu, nitakohoa.